Mashine Iliyouliza Kama Umekula

Kuna watu wanaoamka asubuhi kutafuta pesa, na kuna wanaoamka kutafuta watu waliokwisha kuzipata. Mkurugenzi alikuwa wa kundi la pili. Cheo hicho hakupewa na kampuni yoyote. Alijivika mwenyewe, akatembea nacho mjini kwa viatu vinavyong'aa, na watu wakakizoea kama wanavyozoea shimo la barabarani: wanajua lipo, wanalikwepa, na hakuna anayeuliza lilichimbwa na nani.

Asubuhi moja alikuwa ndani ya duka la fotokopi karibu na lango la chuo, akisubiri karatasi zake zenye nembo. Nembo ilikuwa tai aliyeshika balbu ya taa. Tai huyohuyo, mwaka uliotangulia, alikuwa ameshika jembe kwa niaba ya kampuni ya mashamba ambayo shamba lake halikuwahi kuonekana hata na tai mwenyewe. Na kabla ya jembe alishika funguo za nyumba. Ndege mvumilivu.

Mbele yake alisimama binti mwenye mkoba mgongoni, akibembelezana na mwenye duka.

"Basi kaka, nitolee barua moja tu. Hizo nyingine nitaandika kwa mkono."

"Barua za nini zote hizo?"

"Za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Hii inakwenda ofisi ya kumi na mbili."

"Hizo kumi na moja zimekujibu nini?"

"Tisa zimesema niache barua. Mbili zimesema nisiiache."

Mwenye duka alicheka mpaka akaharibu karatasi, ikabidi atoe nyingine bure. Mkurugenzi hakucheka. Macho yake yalikuwa yametua kwenye kitabu cha waya kilicholala juu ya kaunta, kazi ya binti ya mwaka wa tatu, chenye jina kubwa kwenye jalada: NIULIZE, programu ya simu ya kuwajibu wafanyabiashara wadogo kwa kutumia akili bandia.

Akili bandia! Mwezi mzima Mkurugenzi alikuwa akisikia maneno hayo katika vinywa vya matajiri wa mji. Zamani walikuwa wakiulizia viwanja. Sasa walitaka akili bandia, bila kujua inauzwa kwa kilo au kwa mita. Lile neno la pili Mkurugenzi alilimudu tangu ujana wake. La kwanza, aliwaza, linaweza kukodiwa.

"Samahani, binti yangu," alisema kwa sauti aliyoihifadhi kwa wajane na wanafunzi. "Hii programu inajibu kweli?"

"Inajibu, baba. Ila kwa sasa inajua majibu kumi na manne tu."

"Kumi na manne! Mimi nawafahamu wakurugenzi wenzangu wenye matatu." Akamnyooshea karatasi yenye tai, ingali na joto la mashine. "Sisi tunalea kampuni changa. Vijana wenye mawazo ndio tunaowatafuta."

Binti aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akauliza kwa pumzi moja: "Mnapokea wanafunzi wa mafunzo? Mna muhuri?"

Mara chache sana katika kazi yake Mkurugenzi aliulizwa swali analoweza kulijibu kwa ukweli mtupu. "Muhuri? Binti yangu, tuna mihuri tisa."

Kilichokuwa kinamuumiza binti ni hiki. Chuo kiliwataka wanafunzi wafanye kazi wiki nane katika kampuni ya watu. Kila siku waandike kwenye daftari walichojifunza, na mwisho mhadhiri aje kuwatembelea na msimamizi wa hapo atie sahihi. Asiye na sahihi anarudia mwaka. Na shangazi yake, aliyemlea na kumsomesha kwa kiinua mgongo chake, alishamwambia wazi kwamba kiinua mgongo kile kimeinama mpaka kimegusa chini, na mwaka wa kurudia haumo.

"Jumatatu saa mbili," alisema Mkurugenzi. "Njoo na daftari lako."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Aliikodi kwa wiki nane, kwa kuwa alikusudia kuwa ameondoka kabla ya wiki ya tisa. Palikuwa na meza, viti sita vya plastiki, ubao mweupe, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na kona iliyokatwa kwa mbao nyembamba, ambayo mpangaji aliyetangulia aliitumia kupiga picha za pasipoti. Binti alipoingia alisimama mlangoni akashika kifua. Kwake ilikuwa kama kuingia chumba cha injini cha meli.

Mkurugenzi alimfundisha. Elimu yake aliitoa kwenye jarida moja alilolichukua kwa daktari wa meno, na kwa mtu aliyesoma jarida moja, aliifahamu fani vizuri sana. Binti aliandika kila kitu. Siku ya kwanza daftari lilisema: *Leo nimejifunza kwamba katika kampuni changa wote ni viongozi na hakuna mfagizi. Baadaye nilifagia.* Siku ya tatu: *Leo nimejifunza kwamba kushindwa ni mtaji. Niliuliza kama benki wanaupokea. Mkurugenzi alisema ni swali zuri.*

Wakati binti akiandika, mwalimu wake alikuwa mjini akiwinda. Alichagua wawili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha, aliyeitwa Nyumba Saba hata na wapangaji wa ile ya nane. Wa pili alikuwa Mzee wa Malori, ambaye malori yake yalionekana zaidi kwa fundi kuliko barabarani. Mkurugenzi alimwendea mama akamnong'oneza kwamba mzee anataka kununua hisa zote peke yake. Akamwendea mzee akamnong'oneza hayohayo kuhusu mama. Ugonjwa huu wa kuogopa kupitwa ni wa kale kuliko noti, na mpaka leo hauna chanjo. Kabla ya wiki kwisha wote wawili walikuwa wakimpigia simu alfajiri.

"Lakini mimi sinunui mbuzi kwenye gunia," alisema Nyumba Saba. "Niione mashine ikijibu."

"Hata mimi," alisema Mzee wa Malori. "Tena mimi niione kabla yake."

Hapo ndipo majibu kumi na manne yalipoonekana machache. Mkurugenzi alimkalisha binti chini, akamweleza kwa upole kwamba kampuni zote kubwa zilianza kwa mtu kukaa nyuma ya ukuta akijibu, mpaka mashine ijifunze kutoka kwake, kama mtoto anavyoshikwa mkono hadi atembee.

"Nimelisoma hilo!" binti alisema, macho yakimng'aa. "Ila wawekezaji wanajua kwamba nyuma kuna mtu?"

"Wanajua, na wamefurahi."

"Basi nitamleta Shangazi."

Shangazi alikuwa karani wa mapokezi hospitalini kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Katika miaka hiyo aliulizwa kila swali ambalo binadamu mwenye maumivu, haraka au uongo anaweza kuliuliza kupitia tundu la kioo. Alipanda ngazi polepole, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Akapeana mkono na Mkurugenzi na kumtazama kwa muda, kama anavyotazamwa mgonjwa anayesema hana homa.

"Wewe ndiye bosi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu sana."

"Nimekaribia. Una mama?"

"Alishatangulia."

"Pole," alisema Shangazi, akapita nyuma ya mbao na simu mbili na chupa yake ya chai.

Siku ya maonyesho Nyumba Saba aliandika kwanza, akisoma kwa sauti kila neno analobonyeza: "Mpangaji wangu, analalamika, paa linavuja. Nimjibuje?"

*Subiri kidogo,* ilijibu mashine. Feni ikazunguka mara tatu. *Je, linavuja?*

Mama alitazama huku na huku. "Linavuja," aliandika, bila kusoma kwa sauti.

*Basi lizibe. Ukimaliza mjibu kwamba umeziba.*

Mzee wa Malori alicheka akipiga goti, akanyakua zamu. "Madereva wangu wananiibia mafuta. Niwafukuze?"

*Subiri kidogo. Mara ya mwisho uliwalipa lini?*

Mzee akakohoa. Akahamisha kiti. *Umeshakula?* mashine ikaongeza. *Naona unaandika kwa hasira. Kunywa hata maji, ndipo tuongee habari ya madereva.*

"Imenihisi!" Mzee alinong'ona. "Jamani, sijakula tangu jana mchana. Imejuaje?"

"Hisabati," alisema Mkurugenzi kwa unyenyekevu.

Tangu siku ile matajiri wale hawakuiacha mashine ipumue. Waliiuliza habari za wapangaji, matairi, wakwe na magoti. Binti alichukua kila jibu la shangazi yake, akalipanga, akaifundisha programu. Majibu kumi na manne yakawa mia mbili, kisha mia sita. Jumatatu moja alikuja na taarifa ndefu. Mkurugenzi alimsikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye simu, akiulizia nafasi ya dirishani katika basi la kwenda mbali, Ijumaa saa kumi.

"Kwa hiyo Mkurugenzi, Shangazi haji tena ofisini, mengi mashine inajibu yenyewe. Yale tu isiyoyajua ndiyo yanapelekwa kwenye simu yake nyumbani, na..."

"Safi sana," alisema Mkurugenzi, akimaanisha dirisha.

Sasa, kazi ya utapeli ina upweke ambao hausemwi. Seremala ana seremala mwenzake wa kumuuliza habari ya mbao; mwalimu ana chumba cha walimu. Tapeli hana chama, hana mwenyekiti, hana hata mtu wa kumlalamikia mvua. Ndiyo maana siku ya Jumanne ya wiki ya mwisho, saa sita mchana, akiwa amekaa kwa kinyozi na shuka shingoni, Mkurugenzi alifanya kosa ambalo kijana wa mtaani asingelifanya. Alitoa simu yake ya pili, ile ambayo namba yake hakuna aliyeijua, akaiandikia mashine aliyokuwa akiiuza.

*Nina rafiki yangu.*

*Subiri kidogo,* ilijibu. Kisha: *Rafiki yako hajambo?*

*Hajambo. Ana kampuni. Ijumaa watu wanamletea pesa. Saa kumi anataka kusafiri na asirudi. Afanyeje asije akasumbuliwa?*

Safari hii mashine ilichelewa. Kinyozi alimaliza upande mzima wa kushoto.

*Jina la rafiki yako limeandikwa wapi?*

*Kwenye kadi zake tu. Na mikataba atasaini yeye.*

*Hapo ndipo wanapokamatiwa. Mwenye busara haandiki jina lake popote. Kampuni isajiliwe kihalali, maana watu wakiona cheti wanalegea. Iwe kwa jina la mtoto wa watu aliye karibu. Pesa ziingie kwenye akaunti ya kampuni, si mkononi. Wakija kulalamika watamkuta mtoto.*

Mkurugenzi aliusoma ujumbe huo mara mbili, mwili ukimsisimka kama msanii aliyeona kazi ya msanii mwenzake. Miaka yote alibeba pesa za watu kwenye mfuko wa plastiki! Ila kidole chake hakikutulia. Kikaandika swali ambalo hakulipanga: *Na huyo mtoto itakuwaje?*

Kinyozi alihamia upande wa kulia.

*Hilo,* ilijibu mashine, *rafiki yako ndiye anayelijua.*

Alizima simu. Alipoulizwa kama nywele zimekaa sawa alisema hapana, ingawa zilikuwa sawasawa.

Kesho yake binti alipoambiwa kwamba kampuni itasajiliwa kwa jina lake, alikaa kwenye kiti cha plastiki akalia, akicheka katikati ya kulia, akafuta uso kwa ukingo wa daftari. "Jina langu? Mkurugenzi, kweli? Jina langu mimi?"

"Wazo ni lako," alisema Mkurugenzi. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, akaharakisha kutazama saa.

Walikwenda pamoja kwa msajili, wakaenda pamoja benki. Au tuseme binti ndiye aliyeingia kote kuwili, na Mkurugenzi akabaki nje kwenye kibaraza, kwa sababu ofisi hizo zina kamera na yeye alikuwa mtu wa haya. Nusu saa baadaye binti alitoka na makaratasi. Mkurugenzi akamchagulia moja, fomu ya kutolea pesa, akamwambia aisaini bila kujaza kiasi, "kwa dharura za ofisi." Binti alisaini kwa mwandiko mzuri, na chini yake akataka kuchora ua. Alizuiwa.

Ijumaa ikafika. Saa tatu asubuhi Nyumba Saba na Mzee wa Malori walikaa juu ya duka la magodoro, kila mmoja ameshika simu kama bastola, wakichungana nani atatuma kwanza. Mkurugenzi alihesabu tatu. Wakatuma pamoja. Simu ya kampuni ikalia mara mbili.

"Hongereni, wenzangu," alisema Mkurugenzi, mkono kifuani. "Naomba niteremke mara moja nikatafute soda. Tukio kama hili haliwezi kukaa kavu."

Aliteremka, akavaa kofia na miwani myeusi, akaingia benki kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alishangaa kuona ni pazuri. Palikuwa na baridi nzuri na maua ya plastiki.

Mfanyakazi wa dirishani alitazama fomu. "Sahihi ya kwanza iko sawa. Ya pili?"

"Ya pili ipi?"

"Kampuni hii ina wakurugenzi wawili. Bila sahihi zote mbili hatutoi."

"Dada yangu, mimi ndiye Mkurugenzi. Mji mzima unanijua."

"Sawa. Jina lako?"

Mkurugenzi alifungua kinywa. Lilikuwa swali dogo. Jina lake lilikuwepo, lenye sehemu tatu, alilopewa na watu waliompenda. Ila katika makaratasi yote ya kampuni ile halikuwepo hata herufi, na yeye ndiye aliyehakikisha.

"Huyo mkurugenzi wa pili ni nani?" aliuliza taratibu.

"Mama mmoja mstaafu. Anavaa miwani yenye uzi."

Mtu mwingine angekimbilia stendi. Mkurugenzi alikuwa na imani na ulimi wake, na imani humponza hata mtakatifu. Mama mstaafu! Binti atamleta, yeye atamkaribisha soda, atamwita mama, atapata sahihi, na saa kumi bado ilikuwa mbali. Akanunua soda sita akarudi.

Alipofungua mlango, Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, nyuma ya meza yake. Binti alikuwa amesimama mbele ya wawekezaji, mikono nyuma.

"...kwa hiyo sikujua kwamba hamjui. Asubuhi hii ndipo Shangazi amenieleza. Mashine yangu inajibu mia sita. Yale mengine, yale mliyoyapenda zaidi, alikuwa anajibu yeye, kwanza nyuma ya zile mbao, halafu nyumbani. Nimewadanganya bila kukusudia, lakini nimewadanganya. Pesa zenu zipo zote. Anayetaka, sasa hivi tunamrudishia."

Feni tu ndiyo iliyolalamika.

"Ati ni mtu?" alisema Mzee wa Malori. "Mimi nimemwambia habari za goti langu!"

"Na uliweka maji ya moto?" aliuliza Shangazi.

"Niliweka."

"Likoje?"

"Afadhali," alikiri Mzee. Lakini alikuwa na hadhi yake, akasimama. "Nirudishieni changu. Nilikuja kununua kompyuta. Mashangazi ninao kwetu, tena wa bure."

Binti na Shangazi wakamjazia pale pale fomu ya benki yenye sahihi zote mbili, bila ubishi. Wote wakamgeukia Nyumba Saba. Mama alikuwa akijipepea na cheti cha hisa.

"Mwaka wa ishirini huu napangisha," alisema. "Napiga simu kwa fundi, hapokei. Napiga kwa watu wa maji, napigiwa muziki. Hapa nimeandika swali, nikajibiwa na kuulizwa kama nimekula. Mashine nitanunua popote. Mtu anayejibu, huyo sijawahi kumpata dukani." Akakikunja cheti akakitia mkobani. "Mimi nabaki. Ila na huyu mama abaki."

Binti alikaa ghafla.

Mkurugenzi alibaki mlangoni, soda sita mikononi, akipima mambo. Hakuna aliyekuwa amemtaja. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Labda bado.

"Mama yangu," alimwelekea Shangazi kwa tabasamu, "nakuomba pembeni kidogo, kuna kisahihi kidogo..."

Shangazi alivaa miwani. "Karibu, mwanangu. Rafiki yako hajambo?"

Soda moja ilianguka. Haikuvunjika, ilibingirika polepole mpaka chini ya meza, na Mkurugenzi aliisikiliza ikibingirika, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine duniani cha kusikiliza.

"Ameshakula?" Shangazi aliendelea kwa sauti ya chini, isiyowafikia wengine. "Mtu anayesafiri saa kumi asiondoke na njaa. Mlango uko wazi, sitakuitia mtu. Nilimwambia mtoto aniandike mkurugenzi wa pili, nikangoja tu apate cheti chake na kazi yake iwe na kufuli. Kuna jambo moja limebaki, na hilo siliwezi mimi."

Kabla hajauliza ni lipi, ngazi zililia, akaingia mhadhiri wa chuo akihema, faili kwapani. Alikuwa na wanafunzi sita wengine wa kuwatembelea siku hiyo na hakuwa na muda wa salamu ndefu.

"Mwanafunzi yupi? Wewe. Daftari. Vizuri. Msimamizi ni nani?"

Binti alisimama. Alimtazama Mkurugenzi, akainamisha macho. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni sasa, na mtu hawezi kujisimamia mwenyewe. Shangazi ni ndugu wa damu, chuo hakimkubali. Wiki nane zilining'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja.

"Nataka jina kamili, namba ya kitambulisho na sahihi," alisema mhadhiri. "Tena kitambulisho nikione. Mwaka jana nilisainiwa majina ya wacheza mpira."

Mkurugenzi aliona kila kitu kwa mkupuo, kama anavyoona mchezaji wa karata. Hii ndiyo turufu yake. Sahihi kwa mgao! Nipeni changu niwape chenu. Hakuna mtu chumbani ambaye angeweza kumkatalia. Akalivuta daftari, akalifungua ovyo ili apate dakika moja ya kutafuta maneno.

Lilifunguka kwenye ukurasa wa Jumatano. *Leo nimejifunza jinsi ya kusajili kampuni. Mkurugenzi alisema wazo ni langu. Ofisi kumi na moja ziliona barua yangu. Yeye peke yake ndiye aliyesoma jalada la kitabu changu. Nikifanikiwa nitamnunulia kiti kizuri, maana hiki cha sasa kinamuumiza mgongo na hasemi.*

Aliusoma. Akajaribu kutafuta yale maneno ya mgao, na kila alilolishika lilikuwa na kiti ndani yake. Kwa kweli mgongo ulimuuma. Hakuwahi kumwambia mtu.

Akakaa. Akatoa kitambulisho kutoka kwenye soksi, alipokiweka miaka yote. Akaandika jina lake, lote, sehemu zote tatu, taratibu, kama mtu anayekumbuka njia ya kwao. Penye *uaminifu wa mwanafunzi* akaweka alama ya juu kabisa, akaikoleza. Akasaini. Shangazi alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

Mhadhiri alilichukua daftari na kitambulisho, akalinganisha, na kama ilivyo desturi ya watu waliowahi kudanganywa, akalisoma lile jina kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wote. Binti akapiga muhuri wa kampuni. Imekwisha. Amefaulu. Aliruka akamkumbatia shangazi yake, miguu ikawa hewani.

"Lirudie," alisema Nyumba Saba.

"Nini, mama?"

"Hilo jina. Lirudie."

Mhadhiri akalirudia. Nyumba Saba alisimama polepole, mkoba ukamteleza begani.

"Mlango wangu uko wapi?"

Hakuna aliyeelewa. Mkurugenzi peke yake ndiye aliyeelewa.

"Nyumba yangu ya tatu, chumba cha uani, miaka sita iliyopita," mama aliwaeleza wengine bila kuondoa macho kwake. "Nililetewa mpangaji na dalali, sura sikuiona, jina tu kwenye mkataba, nikalikariri. Jumapili moja kahama. Wenzake huhama na funguo. Huyu kahama na mlango! Na bawaba zake! Mvua imenyesha humo ndani siku tatu!"

Ndivyo dunia inavyompokea mtu anayesema kweli kwa mara ya kwanza: inamuuliza habari za mlango. Naye angesema nini? Aliubeba kichwani mchana kweupe, na watu walimpisha kwa heshima, kwani hakuna anayemshuku mtu aliyebeba mlango.

"Mama," alisema hatimaye, "ule mlango ulikuwa unakwaruza sakafu."

"Ulikuwa wangu ukikwaruza."

"Mwanangu," alisema Shangazi kwa upole, "basi la saa kumi litakupita hilo."

Nyumba Saba alimshika mkono wa koti, karibu na kiwiko, mahali ambapo mtu akishikwa hawezi kujifanya wanatembea tu. Mtaa wa maseremala ulikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Akasema wataanza na vipimo, wataendelea na mbao ngumu, na atakayezipiga randa ni yeye mwenyewe aliyeuchukua, hata ikichukua mwezi. Mkurugenzi aliaga kwa kichwa. Binti, ambaye bado hakuelewa nusu ya mambo, alimpungia mkono kwa furaha: "Jumatatu saa mbili, Mkurugenzi! Usichelewe!"

Waliteremka ngazi, mama mbele, mkono wake haulegei. Chini, kati ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani, Mkurugenzi alivuta pumzi. Kitu fulani kilianza kumrudia machoni.

"Unajua, mama," alianza, "ukiitazama biashara ya milango kwa upana wake, mbao zinapitwa na wakati. Sasa mtu mwenye nyumba saba kama wewe, akiingia mapema, kabla Mzee wa Malori hajasikia..."

"Tembea," alisema mama.